Friji Mpya Imefika Nyumbani: Usiichomeke Kwanza

Kila mwisho wa mwezi, mishahara ikishaingia, simu yangu haipumui. "Fundi, friji mpya inachemka ubavuni, niirudishe dukani?" "Fundi, hii namba saba ndiyo digrii saba?" "Fundi, mbona inakoroma usiku halafu inanyamaza, imekufa?" Nimeyajibu maswali haya miaka mingi hadi mke wangu ameyakariri, nikiwa kazini anapokea simu na kujibu huku anageuza vitumbua. Safari hii nayaandika yote, usome kabla hujapiga.

Nadharia ni moja tu, haitakuchosha. Friji haitengenezi baridi. Kazi yake ni kulichota joto lililomo ndani na kulimwaga nje, kupitia mabomba yaliyo mgongoni au yaliyofichwa ndani ya bati la ubavu. Kwa hiyo ubavu ukiwa wa moto, hasa siku za kwanza, joto linatoka kama inavyotakiwa. Friji ya yule mama wa swali la kwanza ni nzima kabisa. Ningekuwa na wasiwasi kama ubavu ungekuwa baridi na ndani kukawa na joto.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Soketi ya ukutani yenye ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja, na isiyocheza plagi ikichomekwa.
- Friji gadi. Ni kile kiboksi kinachokaa kati ya soketi na plagi, chenye vitaa vya rangi. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kompresa, ile mashine ya chini nyuma inayosukuma gesi ya baridi kwenye mabomba.
- Kipimajoto kidogo cha friji. Si lazima, lakini kinamaliza ubishi.
- Kitambaa laini, maji ya vuguvugu, sabuni ya maji kidogo.
- Glasi ya maji ya kupimia usawa wa sakafu.
- Risiti, kitabu cha maelekezo na kadi ya waranti, vyote kwenye bahasha moja. Risiti hizi za mashine hufifia zikipigwa na joto, kwa hiyo ipige picha siku hiyohiyo.

Hatua kwa hatua

1. Ipokee ikiwa imesimama. Friji isafiri wima. Kirikuu ikija na friji imelazwa kama mgonjwa, usigombane na dereva, ila muulize imelala muda gani. Ndani ya kompresa kuna oili, na friji ikilala oili hiyo hutiririka na kuingia kwenye mabomba ya gesi. Ukiiwasha hapohapo, kompresa inafanya kazi bila oili ya kutosha, na hapo unaifupishia maisha siku ya kwanza. Iliyosafiri wima iache itulie saa mbili au tatu. Iliyolazwa iache isimame angalau muda uleule iliolala. Kama huna hakika, ipe siku nzima. Kitabu chako kikisema vingine, fuata kitabu.

Kabla hujasaini karatasi ya kupokea mzigo, fungua boksi na uizunguke yote. Angalia bati lililobonyea, mlango uliopinda, rafu ya kioo iliyopasuka. Malalamiko ya kesho yake hayana nguvu.

2. Soma stika. Iko ndani ya friji, pembeni ya droo ya mboga, au nyuma. Wengi hawaiangalii kabisa, na ndiyo yenye siri zote. Tafuta herufi za daraja la hali ya hewa. N ni friji iliyoundwa kwa chumba cha nyuzijoto 16 hadi 32. ST inafika 38, na T inafika 43. Kwa Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, ambako jiko la nyumbani mwezi wa Februari linaweza kukutoa jasho saa nne asubuhi, mimi nashauri T. Friji ya N itafanya kazi, lakini itazunguka bila kupumzika na uniti zitakwenda.

Hapohapo utaona aina ya gesi. Friji nyingi mpya zimeandikwa R600a. Gesi hii inawaka moto, ingawa iliyomo ndani ni kidogo, makumi machache tu ya gramu. Isikutishe. Ni sababu tu ya kutoruhusu mtu yeyote kuchoma au kukata bomba la friji bila kujua anachofanya.

Na kama kuna lebo ya matumizi ya umeme, kWh moja ni uniti moja ya LUKU. Ikiandikwa 183 kWh kwa mwaka, gawa kwa 365, unapata nusu uniti kwa siku, kama uniti 15 kwa mwezi. Kwa joto letu na watoto wetu wanaofungua mlango kuangalia tu, ongeza kidogo. Kama uko kundi la D1, lile la TANESCO la bei nafuu lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, piga hesabu hii kabla ya kuongeza friza la pili la kuuzia barafu.

3. Ipe nafasi ya kupumua. Acha sentimita 10 hivi nyuma, tano kila ubavu, na uwazi juu. Isipigwe na jua la dirishani, isikae jirani na jiko la gesi wala la mkaa. Chumba kikiwa kimoja, najua nafasi ni ya kugombania. Basi afadhali uisogeze karibu na kitanda kuliko karibu na jiko.

Hapa niseme neno kuhusu vitambaa vya kufuma. Sina ugomvi navyo, kwetu vipo hadi kwenye redio. Kitambaa kidogo juu ya friji hakina neno. Lakini lile shuka la maua linaloteremka hadi nusu ya ubavu na kufunika mgongo ni sawa na kumvalisha sweta mtu anayekimbia. Joto linatafuta pa kutokea halipati. Na juu ya friji siyo mahali pa maikrowevu.

4. Toa plastiki na tepu zote, kisha isawazishe. Kagua chini ya droo na kwenye rafu, kuna vipande vya tepu na vya maboya meupe ya kufungashia vinavyojificha. Miguu ya mbele inazungushwa kwa mkono. Weka glasi ya maji juu ya friji uone kama maji yamelala sawa kulia na kushoto. Mbele iinuke kidogo sana kuliko nyuma, mlango ukiuachia katikati ujifunge wenyewe. Friji iliyokaa upande hutetemeka na kupiga kelele, na watu huanza kuilaumu kompresa.

5. Ifute ndani. Maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kisha kitambaa kikavu. Usitumie sponji ya waya. Harufu ya plastiki mpya hupungua ukiacha mlango wazi saa moja.

6. Panga umeme. Soketi ya ukutani, friji gadi, kisha friji. Usipitishe kwenye ekstensheni inayobeba tayari televisheni, pasi na chaja za nyumba nzima. Kompresa inapoanza huvuta umeme mwingi kwa mpigo. Waya mwembamba unapata moto, na plagi inayeyuka taratibu bila mtu kuona.

Friji gadi inafanya mambo mawili. Umeme ukishuka sana au ukipanda sana, inakata. Umeme ukirudi, inasubiri dakika chache kabla ya kuruhusu. Kusubiri huko ni muhimu: kompresa iliyozimika ghafla bado ina mgandamizo mkubwa ndani, na ikilazimishwa kuanza tena papo hapo inagoma, inanguruma na kupata moto. Basi ukiona kitaa cha kusubiri kinawaka, kaa kitako, usianze kuchomoa na kuchomeka.

7. Iwashe ikiwa tupu. Iache saa nne hadi sita, au usiku kucha. Kuijaza soda 24 za moto na kilo tano za nyama dakika ya kwanza, kwa sababu wageni wanakuja, ndilo kosa ninaloliona zaidi ya yote. Itapoa mwishowe, lakini nyama ile itakuwa imeshakaa kwenye joto saa nyingi.

8. Weka namba. Namba za kwenye kitufe cha kuzungusha, 1 hadi 5 au 1 hadi 7, si nyuzijoto. Ni nguvu ya baridi: namba kubwa, baridi kali. 0 ni kuzima. Anza katikati, kwenye 3 au 4, na usiiguse kwa saa 24. Unachotafuta ni nyuzi 4 au pungufu kwenye friji, na 18 chini ya sifuri kwenye friza. Kipimajoto kitumbukize kwenye glasi ya maji rafu ya katikati, ukisome asubuhi kabla mtu hajafungua mlango. Kama friji yako ina kioo cha namba, basi hizo ndizo digrii zenyewe. Weka 4 na -18.

Ninyi wa Njombe, Makete na Lushoto mna shida yenu. Mwezi wa Juni na Julai chumba kinakuwa baridi kiasi kwamba friji inaona imeshamaliza kazi, kompresa haizunguki, na nyama ya juu kwenye friza inaanza kulainika. Si ubovu. Kama unaweza, ihamishie chumba chenye uvuguvugu.

9. Panga chakula kwa akili. Vilivyopikwa vikae juu, vibichi chini. Nyama na samaki wabichi vikae rafu ya chini kabisa, ndani ya chombo chenye mfuniko, damu isije ikadondokea kachumbari. Mlangoni ndipo penye joto kuliko kwingine kote, kwa hiyo weka hapo maji, soda, tomato sosi. Maziwa, hata kama chupa inatosha mlangoni, yaingie ndani.

Samaki mbichi au nyama ya kusaga usizidishe siku mbili kwenye friji. Zaidi ya hapo ipeleke friza. Mboga na mchuzi uliopikwa, siku tatu hadi nne.

Kuhusu chakula cha moto watu wamegawanyika. Kuna wanaoingiza sufuria la maharage linalochemka, na kuna wanaoliacha mezani hadi asubuhi wakisema lipoe kwanza. Wote wamekosea. Gawa kwenye vyombo vifupi na vipana, acha mvuke uishe, na kabla saa mbili hazijapita tangu uepue yawe ndani. Wali hasa usiuchezee. Kuna vijidudu vya kwenye mchele vinavyostahimili kupikwa, na wali uliolala mezani ndio mahali pao.

Maharage ya kuchemsha bila kuungwa yafunge kwa mafungu ya mlo mmoja mmoja, uyagandishe. Tui la nazi limimine kwenye vile vikombe vya barafu, likiganda unatoa vipande viwili vitatu kwa mchuzi. Ukitaka kuyeyusha nyama, ishushe kutoka friza hadi rafu ya chini usiku wa kuamkia siku ya kupika. Usiiache juani kwenye karai.

Visivyotaka friji: vitunguu, viazi, ndizi mbichi, embe ambazo hazijaiva. Nyanya ziweke tu zikianza kulegea. Mkate ndani ya friji hukauka haraka kuliko mezani, ingawa friza unaupenda. Na chupa ya soda usiisahau kwenye friza. Ikiganda inatanuka, na utaokota vioo kwenye barafu kwa kibano.

10. Umeme ukikatika, usifungue. Friji iliyofungwa hutunza chakula kama saa nne. Friza iliyojaa hukaa saa 48 hivi, iliyojaa nusu saa 24. Kila ukifungua kuchungulia unazipunguza mwenyewe.

Kwa wanaosafiri kuna ujanja wa sarafu. Gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu, rudisha kwenye friza. Ukirudi ukaikuta juu, kila kitu kiko salama. Ukiikuta katikati au chini ya kikombe, ujue umeme ulikatika, barafu ikayeyuka, ikaganda tena, na samaki nao vilevile. Watupe.

Je, uizime usiku ili kuokoa uniti? Hapana. Joto litaingia usiku kucha na asubuhi kompresa italitoa lote tena. Unachookoa ni kidogo, chakula unachohatarisha ni kingi.

Barafu: weka kisu chini

Friji ya kawaida hujenga barafu kwenye kuta za friza. Zile za feni, zisizogandisha ukutani, hujiyeyusha zenyewe, na kwako wewe kazi ni moja: usizibe kwa mifuko ya nyama yale matundu yanayopuliza baridi.

Kwa friji ya kawaida, barafu ikifika unene wa nusu sentimita, izime, chomoa, toa vitu, fungua mlango, weka beseni la maji ya moto ndani na taulo kuukuu sakafuni. Subiri. Hiyo ndiyo kazi yote. Kuna dada mmoja alinipigia siku ya kuamkia Idi, sauti imembadilika: alikuwa anachokonoa barafu kwa kisu cha jikoni apate nafasi ya nyama, akasikia "psss" kama tairi la baiskeli. Ukuta wa friza ni bati jembamba, nyuma yake inapita gesi. Tundu alilotoboa lilikuwa dogo kuliko pini, na gharama yake ilikaribia nusu ya bei ya friji. Waranti hailipi kisu.

Ukiona hivi, fanya hivi

*Haiwaki kabisa.* Angalia LUKU kwanza. Usicheke, nimeshasafiri kutoka Temeke hadi Kibamba kwa ajili hiyo. Kisha soketi: ijaribu kwa chaja ya simu. Kisha friji gadi: inasubiri, au imekata kwa sababu umeme ni mdogo?

*Taa inawaka lakini haipoi.* Kitufe kiko 0? Kwenye zile za kioo cha namba, huenda imebaki kwenye hali ya maonyesho ya dukani, ambayo huwasha taa bila kuwasha kompresa. Kitabu kinaeleza namna ya kuitoa.

*Inapoa kidogo tu.* Funga mlango ukiwa umebana noti. Ukiivuta ikatoka bila kushikwa, mpira wa mlango haukazi hapo. Ufute kwa maji ya sabuni. Mara nyingi ni uchafu wa juisi tu.

*Mboga zinaganda.* Punguza namba, na usizisukume hadi ziguse ukuta wa nyuma.

*Maji yanatuama chini ya droo.* Ukuta wa nyuma wa friji ya kawaida hutoa matone, nayo hushuka kwenye kitundu kidogo hadi trei iliyo juu ya kompresa, yakakauka kwa joto lake. Kitundu kikizibwa na jani la mchicha, maji yanarudi ndani. Chukua bomba la sindano bila sindano yenyewe, puliza maji ya vuguvugu taratibu hadi yapite.

*Inatoka jasho nje.* Masika, hewa ya pwani imejaa unyevu. Futa tu, na hakikisha mlango unabana.

*Kukoroma, kububujika, "tak" ya ghafla.* Kompresa, gesi inayopita, na plastiki inayojikunja kwa baridi. Kawaida. Isiyo kawaida ni "tik" inayojirudia kila dakika mbili tatu bila kompresa kuanza. Chomoa, upime umeme kabla ya kuendelea.

*Inapiga shoti ukigusa.* Hili silifanyii mzaha. Nilikwenda nyumba moja ya kupanga Mbagala, nikakuta mbele ya friji ndala moja tu ya kijani, ya mguu wa kulia. Nikamuuliza mtoto aliyekuwepo ya nani. "Shikamoo. Hiyo ya kufungulia friji." Nyumba nzima ilijua kwamba ukishika mpini peku unarushwa, wakatafuta ndala badala ya fundi umeme. Nyuma ya soketi waya wa ethi ulikuwa umekatwa na kukunjwa. Ukihisi hata mtekenyo mdogo vidoleni, zima soketi, chomoa, na usiirudishe hadi ethi ipimwe. Siku mtoto atakapoishika akiwa ametoka kuoga, ndala haitakuwepo.

Fundi akisema "gesi imeisha"

Ikiwa bado ndani ya waranti, usimruhusu fundi yeyote kuifungua, hata mimi. Rudi dukani na ile bahasha.

Waranti ikishapita, jua kwamba gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya mtungi wa kupikia. Inazunguka humohumo miaka yote. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Kwa hiyo muulize mambo mawili kabla hajafungua mtungi wake: tundu liko wapi, na gesi anayoweka ni ileile iliyoandikwa kwenye stika? Akijibu la pili tu, atakujazia leo, friji itapoa vizuri, utamlipa, na baada ya wiki chache mtaonana tena.